Sindano ya goti, mbio baada ya wiki tatu

Pole kwa goti, ndugu yangu. Kudungwa makalioni dukani bila kuambiwa ni dawa gani, huku nusu marathoni ikikaribia, ni jambo la kushughulikia leo leo, kwani huenda ikawa dawa iliyokatazwa michezoni.

Rudi kwa mwenye duka la dawa, uombe kuiona chupa yenyewe. Soma maandishi madogo chini ya jina la biashara. Ukikuta triamcinolone acetonide, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe iliyokatazwa wakati wa mashindano, usikimbie mbio hizo. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, inashauri kusubiri siku 60 ikidungwa msulini, kwa kuwa hubaki pale ikitoka kidogo kidogo. Dexamethasone ya msulini, ya kundi hilohilo, ni siku 5 tu. Ndiyo maana jina kamili ni muhimu kuliko neno "ya maumivu". Ukikuta nandrolone, steroidi ya kujenga misuli, hiyo imekatazwa hata wakati usio wa mashindano, basi tafuta wakili mapema.

Piga picha ya chupa, andika tarehe na kipimo, tunza risiti. Kisha wasiliana na ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo, na daktari anayejua michezo, uulize kama kibali cha kutumia dawa iliyokatazwa kwa ajili ya matibabu kinawezekana. Barua ya duka haitoshi.

Anayekwambia unywe maji mengi "ioshe" anakupoteza. Mkojo wa kupimwa ukiwa mwepesi mno, unaombwa mwingine. Wala usiwakwepe wapimaji: kukwepa kunaweza kukufungia michezo miaka 4. Na "sikujua" haifuti kosa, hata ukiwa mkweli kabisa.

Goti likivimba, likipata joto au likikwama, nenda hospitali, usidungwe tena dukani.