Maswali na Majibu: Sossusvlei haitaki haraka

Barua nyingi za safari hii zinauliza kitu kimoja: vilima vya mchanga vya Sossusvlei, ndani ya hifadhi ya Namib-Naukluft nchini Namibia. Nimefurahi sana. Ni raha kuona Watanzania na Wakenya wakipanga kutalii nchi za Waafrika wenzao badala ya kusubiri Mzungu aje atusimulie. Lakini barua hizohizo zimenitia hofu, kwa sababu karibu kila moja ina haraka ndani yake. Kwa hiyo nitajibu nilichoulizwa, na pale nitakapoona pana hatari nitasema hata kama sikuulizwa.

*Nitakuwa Windhoek kwa semina, na Jumamosi niko huru. Nikiondoka alfajiri na gari la kukodi, nitawahi kuona vilima na kurudi hotelini usiku? (Msomaji, Dodoma)*

Hapana, ndugu yangu. Kutoka Windhoek hadi Sesriem, lilipo geti, ni kama kilomita 350, na sehemu kubwa ni changarawe. Weka saa tano njiani, hapo hujasimama kula wala tairi haijapasuka. Kutoka getini bado una kilomita 60 za lami ndani ya hifadhi, na mwishoni kama kilomita tano za mchanga mtupu. Utafika jua la utosi, rangi zimefifia, mchanga unaunguza. Utapiga picha mbili tatu, utageuza gari, na giza litakukuta njiani.

Watu huniuliza sana habari za nyoka na kiu. Mimi ninachokuogopea ni barabara. Changarawe ya Namibia ni pana, imenyooka, imepigwa greda vizuri, na unaweza kwenda muda mrefu bila kupishana na mtu. Mguu unazama wenyewe kwenye mafuta. Ukifika kilomita 100 kwa saa, ule mtetemo uliokuwa unakusumbua unatulia, nawe unadhani barabara imekuwa nzuri. Haijawa nzuri. Tairi zinaruka juu ya makunyanzi bila kushika chini, na usukani umekuwa mwepesi mkononi. Hapo akikatiza choroa, au ukiingia kwenye kona yenye kokoto zilizorundikana katikati, ukanyage breki kwa nguvu au ukate usukani ghafla, gari linakwenda upande na kubiringika. Hujagongana na mtu. Uko peke yako, mchana kweupe, na simu haina mtandao.

Kwa hiyo usipite 80, na kwenye kona shuka zaidi. Usiku usiendeshe kabisa, maana tandala hutoka vichakani wakati huo, na mikataba mingi ya kukodi gari haikulindi ukipata ajali gizani kwenye changarawe. Semina ikikupa siku moja tu, itumie kuuona mji wa Windhoek. Sossusvlei inataka usiku mbili. Narudia: mbili.

*Tunahitaji viza? (Wasomaji wengi)*

Nimeshalijibu hili mara nyingi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya haombi viza kwa matembezi mafupi. Ndugu zetu mlioko Ulaya na Amerika wenye pasipoti za Uingereza, Ujerumani, Marekani na nchi nyingine kadhaa, tangu tarehe 1 Aprili 2025 mnatakiwa viza na mnailipia. Wote, thibitisheni ubalozini kabla ya kukata tiketi, kwa maana sheria hizi hubadilika. Na kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kitieni kwenye mkoba wa mkononi, msikizamishe kwenye begi kubwa.

Usishangae ukikutana na mzee wa Kinamibia akakuuliza habari za Kongwa. Wapiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, waliweka kambi pale mkoani Dodoma miaka ya 1960, na wapo wanaoikumbuka. Kaa naye, msikilize.

*Kambi ya ndani ya geti naambiwa hujaa mapema, na hoteli za nje ziko karibu tu. Kuna tofauti gani nikilala nje? (Msomaji, Kisumu)*

Tofauti ni saa moja, na saa hiyo ndiyo uliyoifuata. Pale Sesriem kuna mageti mawili. La nje hufunguliwa jua linapochomoza. La ndani hufunguliwa kama saa moja kabla, na wanaoruhusiwa kulipita mapema ni waliolala ndani tu, ama kambini kwenye hema ama kwenye lodge iliyo ndani ya hifadhi. Sasa piga hesabu. Kilima maarufu kinachoitwa Dune 45 kiko kilomita 45 kutoka Sesriem. Aliyelala ndani anaweza kuwa juu ya mgongo wake jua likitoka. Aliyelala nje, wakati huo ndiyo kwanza yuko kwenye foleni ya getini, injini inanguruma, naye ana hasira. Lango likifunguliwa anakimbiza gari, na wanyama wanavuka barabara ileile asubuhi ileile.

Kinachofuatwa ni mwanga. Jua likiwa chini, upande mmoja wa kilima unawaka rangi ya kutu na upande wa pili ni kivuli cheusi, na mstari unaotenganisha pande hizo umenyooka kama uliokatwa kwa wembe. Jua likipanda, vyote vinakuwa rangi moja. Wekundu huo ni chuma. Mchanga ulisombwa na mto Orange kutoka bara ya Afrika Kusini, ukamwagwa baharini, mkondo wa bahari ukausukuma kaskazini, na upepo ukaurudisha nchi kavu. Chembe zilizokaa bara muda mrefu zimepata kutu, ndiyo maana mchanga wa pwani ni mweupe zaidi na wa Sossusvlei ni mwekundu. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka bahari hiyo ya mchanga kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtu anasafiri nchi tatu kwenda kuiona halafu anapoteza saa yenyewe kwa kutobuku kambi miezi kadhaa kabla! Buku mapema. Kukikosekana nafasi, sogeza tarehe.

*Kiingilio ni kiasi gani? (Msomaji, Arusha)*

Viwango hupandishwa, kwa hiyo sitaandika tarakimu itakayokudanganya mwakani. Jua tu kwamba kuna bei za raia wao, za raia wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) na za wageni wengine. Mtanzania yuko SADC, basi onyesha pasipoti udai bei yako. Mkenya, pole, wewe ni mgeni kamili. Unalipa kwa kila mtu na kwa gari, kwa siku.

*Nataka kukodi gari dogo la saluni ili kupunguza gharama. Dereva mzuri si anaweza kulipeleka popote? (Msomaji, Kahama)*

Hapa kuna maswali mawili. Kufika Sesriem kwa saluni inawezekana, watu wanafika. Utakwenda polepole sana, mgongo utauma, na mawe yatakula pembeni mwa tairi. Mimi ningetafuta gari lililoinuka, lenye tairi mbili za akiba kama kampuni inakubali. Kabla hujasaini lolote, zifungue hizo tairi za akiba uzitazame kwa macho yako, ushike jeki, ujaribu spana kwenye nati. Usikubali kuambiwa vyote vimo.

Swali la pili ni zile kilomita tano za mwisho. Pale lami inapokwisha kuna maegesho chini ya miti, na magari ya kawaida yote yanaachwa hapo. Usijitie ushujaa. Mchanga ni mzito, umechimbwa na waliokutangulia, na hata madereva wenye magari yanayovuta magurudumu yote manne hunasa kila siku kwa kosa moja tu, kutopunguza upepo kwenye tairi. Tairi ikilegea inatandaza unyayo na kuelea juu ya mchanga. Ikiwa ngumu inachimba. Dereva akiona inachimba anaongeza mafuta, gari linakaa kwa tumbo. Panda magari ya hifadhi yanayopeleka watu na kuwarudisha, lipa, tulia. Ukiamua kuendesha mwenyewe, punguza upepo hapo maegeshoni, na uwe na pampu ya kurudishia kabla hujarudi kwenye lami.

Mafuta jaza kila unapokuta kituo, hata kama tangi limebaki zaidi ya nusu. Solitaire, kijiji kilicho njiani, yapo, Sesriem yapo, ukipita geti hakuna tena.

*Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nimwache nyumbani? (Binti, Morogoro)*

Usimwache, mwanangu. Nani kakwambia ni lazima kupanda? Kutoka pale gari la mchanga linapowashusha, bonde la Deadvlei ni mwendo wa kama kilomita moja, wenye mawimbi madogo ya mchanga. Kwa fimbo, kofia na kupumzika njiani, wazee wengi wanafika. Ondokeni mapema, mwache mama aamue mwendo, na wewe ubebe maji yake.

Akifika ataona jambo ambalo hata sisi tunaosafiri sana hatulizoei. Ni bonde la udongo mweupe mgumu uliopasukapasuka, limezungukwa na vilima vyekundu, na katikati imesimama miti mikavu, myeusi kana kwamba imeunguzwa. Ni migunga. Zamani mto Tsauchab ulikuwa ukifurika hadi hapo, miti ikaota. Kisha hali ya hewa ikakauka, mchanga ukaziba njia ya mto, miti ikafa, na hewa ni kavu mno kiasi kwamba haikuoza. Imesimama hivyo kwa karne kadhaa, na wataalamu wengi hutaja miaka 600 na zaidi.

Sasa nawasema wote, si binti wa Morogoro. Msiishike miti ile! Msikae kwenye matawi, msivunje kijiti cha kwenda nacho nyumbani, msimpandishe mtoto kwa ajili ya picha. Haioti tena. Tawi likikatika leo, ndiyo basi.

*Naweza kupeleka droni? (Msomaji, Nairobi)*

Hapana, labda uwe na kibali cha maandishi kutoka kwa mamlaka husika. Na huna.

*Likizo ya watoto wetu ni Desemba. Kuna ubaya? (Baba, Mombasa)*

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Desemba hadi Februari joto linaweza kupita nyuzi 40, na uso wa mchanga ni mkali zaidi ya hapo. Ubaya si mkubwa kama utakubali ratiba ya jangwa: kilimani alfajiri, saa nne asubuhi mmeshashuka, mchana kivulini, jioni mtoke tena. Viatu vya kufunika vidole. Watu hupanda pekupeku asubuhi mchanga ukiwa baridi, wakarudi wakilia. Maji angalau lita tatu au nne kwa mtu kwa siku, na dumu jingine lisiloguswa ndani ya gari. Wakienda Julai, usishangae baridi ya usiku kukaribia sifuri. Mtu wa Mombasa asiyebeba sweta nzito na soksi atateseka ndani ya hema.

Kile kirefu, Big Daddy, kina kama meta 325. Watoto wadogo hawakihitaji.

*Kwa nini tutumie hela Namibia wakati mchanga unaohama uko Ngorongoro? (Msomaji, Karatu)*

Nakubaliana nawe nusu. Kile kilima cheusi cha karibu na bonde la Olduvai ni hazina, na ni aibu kwamba Watanzania wengi hawajakiona. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, yamejikusanya kwa umbo la mwezi mwandamo, na upepo unayasukuma magharibi meta kadhaa kila mwaka, pakiwa na alama zinazoonyesha kilikopita. Nenda. Usikikanyage, usichote. Lakini kile ni kilima kimoja, na Namib-Naukluft ina eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, zaidi ya Serengeti tatu. Anayeweza aone vyote viwili, aanze na cha nyumbani.

*Vijana wetu wanataka kuendesha pikipiki za magurudumu manne kwenye vilima. Wapi pazuri? (Msomaji, Kampala)*

Sossusvlei hairuhusiwi. Nendeni pwani, Swakopmund, kwa waongozaji wenye leseni na kwenye eneo lililotengwa tu, na hapo pia mfuate njia mnayoonyeshwa. Yale maeneo tambarare ya kokoto mnayoyaona matupu yana kuvumwani (ile mimea kama ukoga inayoganda juu ya mawe) inayoishi kwa ukungu wa bahari, na ndege wanaotaga mayai chini, juu ya kokoto. Alama ya tairi pale hubaki miongo mingi. Mkimpata mwongozaji anayewaambia popote panapitika, mdaini hela zenu mtafute mwingine.