Muulize Fundi: kifaa kizuri hufia wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu vifaa tiba, dawa na vijana wetu wanaovumbua. Nimejibu hizi, nyingine zitasubiri.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Nyegezi. Nimeunda kifaa kinachopima joto la friji ya chanjo na kunitumia ujumbe wa simu likizidi. Mtaji nitaupata wapi?

Marahaba mwanangu. Mtaji uweke kando kwanza. Nenda zahanati yoyote, omba ruhusa ya kukaa siku mbili karibu na friji yenyewe. Utaona karatasi anayojaza muuguzi asubuhi na jioni, kwa sababu chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa tuseme umeme umekatika saa nane usiku na ujumbe wako umeingia. Unamfikia nani? Muuguzi yuko kwake Buhongwa, simu imezima chaji. Hata akiupata, hana nauli ya bodaboda wala barafu ya akiba. Kifaa chako kitakuwa kimesema kweli, na chanjo zimeharibika vilevile.

Halafu umeniandikia joto kuzidi tu. Muuguzi huyo angekwambia siku ya kwanza kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda imekwisha kazi, kwa hiyo baridi nayo ni adui. Ndiyo maana nakutuma huko kabla ya benki. Ukiwa umeshamzoea muuguzi, mganga mfawidhi na fundi sanifu wa vifaa tiba wa wilaya, hata mfadhili atakusikiliza kwa sikio jingine.

Nikitaka kukiuza, ni lazima kisajiliwe? Na nikilindeje kisiibwe? (huyo huyo)

Kikihesabiwa kifaa tiba, kusajili ni lazima. Wahusika ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Vifaa vimepangwa kwa madaraja manne, A hadi D, kwa kadiri ya hatari yake kwa mgonjwa, kwa hiyo waulize mapema chako kiko wapi. Kama utafanya majaribio kwa watu, kibali cha kamati ya maadili kinatangulia. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wako, ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Usikipeleke Nane Nane pale Nyamhongolo ukakieleza chote kabla ya kuwasilisha ombi, maana kilichokwisha kuanikwa hadharani ni vigumu kudai ni kipya.

Fundi, kila kitu kipya cha hospitali kinatoka nje. Mwanza tumewahi kuipa dunia nini? (Msomaji, Igoma)

Umenichokoza, na nakushukuru.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jamii 12 za mkoa huu ziliingia kwenye utafiti mmoja. Katika nusu yake, zahanati ziliongezewa mafunzo na dawa za kutibu magonjwa ya zinaa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU katika nusu hiyo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko katika nusu nyingine. Dunia nzima iliyasoma. Baadaye Rakai, Uganda, walijaribu njia yao ya kutibu watu wote kwa mkupuo na hawakuona punguzo hilo. Wanasayansi wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, na mimi sioni aibu: matokeo yetu yalistahili kubishaniwa.

Mwaka 2017 hapa hapa Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walianza kushiriki utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya saratani ya mlango wa kizazi, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Ni miongoni mwa tafiti zilizoipa nguvu hoja ya dozi moja. WHO iliikubali mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Fikiria nafuu yake kwa mwalimu anayewapanga mabinti foleni mara moja tu.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa hospitali ya Bugando. Watafiti walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambayo tayari yalikuwa yameletwa maabara kupima VVU kwa watoto wachanga, wakayapima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Sampuli 17,200. Asilimia 1.2 ya watoto walikuwa na ugonjwa, na asilimia 20.3 walikuwa wamebeba vinasaba vyake. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano ya pili.

Penye kazi hizi utakuta daftari lisilopotea, friji ya sampuli isiyozimwa, na watu ambao hawakuhamishwa kila baada ya miaka miwili.

Zile ndege zisizo na rubani zilizoleta dawa Ukerewe mwaka 2018, mbona hatuzioni? (Muuguzi, Nansio)

Dada, kuruka ziliruka: kilomita 60 kwa dakika kama 40, wakati kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita hivi. Swali la bohari ya dawa ni jingine: nani analipa kila safari wafadhili wakishafunga virago? Panadoli inaweza kusubiri kivuko. Mimi ningezitengea damu na sumu ya nyoka tu, namaanisha dawa yake.

Kituo chetu kimeahidiwa mashine za oksijeni. Tuulize nini kabla ya kupokea? (Sengerema)

Niliwahi kuitwa hospitali moja, jina nalihifadhi, kufungua sanduku la msaada. Mashine ilikuwa ya volti 110. Mtu alishaichomeka kwenye umeme wetu wa 230 kabla sijafika. Harufu ilikuwa bado chumbani. Ya pili ilikuwa nzima, lakini kichujio chake cha sponji kilikuwa kimejaa vumbi mpaka kimekuwa kama kipande cha zulia, na hakuna aliyeambiwa kwamba kinaoshwa kwa maji na sabuni kila wiki. Unyevu wetu wa ziwani nao huua zile chembechembe za ndani zinazonasa naitrojeni ya hewa ili ibaki oksijeni.

Basi ulizeni volti, ulizeni vipuri vinapatikana wapi, na dai kitabu cha matengenezo. Wakisema vipuri vinaagizwa Ulaya, waombe walete na vichujio vya miaka mitatu.

Watafiti wanachukua mkojo wa watoto wetu kupima kichocho, wanaondoka. Sisi tunapata nini? (Mama, Igombe)

Mama, hasira yako ina haki. Faida ipo: vidonge vya kawaida vya prazikwanteli ni vikubwa na vichungu, na sasa kuna dawa ya watoto wadogo iliyojaribiwa Ivory Coast na kwa jirani zetu wa Kenya. Lakini hiyo ni faida ya baadaye. Majibu ya mwanao ni yako leo, na kukataa kushiriki hakumnyimi matibabu. Wakirudi, wasubirini kwa mwenyekiti wa mtaa, na kabla hawajafungua hata chupa moja waambieni wasome majibu ya safari iliyopita.