Shangazi, nimewaachia huru, mbona wananiwinda?

*“Shangazi, mimi ni baba wa miaka 62, tsar (mfalme) wa Urusi, niko Petersburg. Wakulima niliwatoa utwanani mwenyewe, mahakama mpya nikawapa, bado wananitegea mabomu. Nyumbani nako watoto wamemnunia mke wangu mpya. Nilegeze au nikaze? Kweli asante ya punda ni mateke. — Aleksander wa Pili, Februari 1881.”*

Baba Aleksander, pole. Bomu la mwaka jana chini ya chumba cha kulia liliua watu 11, na wewe ukapona kwa sababu mgeni wako alichelewa chakula. Pole imeisha, sasa tuongee.

Barua yako ina matundu. Uliwatoa utwanani mwaka 1861, sawa. Mbona hukuandika kwamba ardhi waliyopewa wanatakiwa kuilipia miaka 49? Punda umembebesha deni mpaka la wajukuu, ulitaka akubusu?

Mwaka 1864 ukasema raia wa kawaida wakae waamue kesi. Vizuri sana. Mwaka 1878 wakamwachia Vera Zasulich, binti aliyempiga risasi gavana kwa kuamuru mfungwa achapwe viboko. Ukanuna, ukataka akamatwe tena, na kesi za siasa ukazipeleka kwa wanajeshi. Huko ni kutoa au kuazimisha?

Na tabia hii naona umeianzia chumbani. Marehemu mkeo Maria alikuzalia watoto wanane. Yuko hoi kitandani, ukamleta hawara wako Katya na wanawe humohumo ikulu! Maria akafa, arobaini ikapita siku chache tu, ukafunga ndoa. Halafu unaniuliza watoto wamenuna nini? Wanune. Mimi niko upande wa marehemu.

Wanaume wa aina yako ninao wengi kwenye mafaili. Asubuhi anamruhusu mke afungue genge, jioni anapindua meza ya nyanya kisa mke kacheka na mteja. Mke akipiga kelele, anaambiwa hana shukrani. Heri hata mkali wa kudumu. Mtu unajua siku ipi ukae kimya. Ndoa za sasa zinavunjwa na hawa wa leo ndiyo kesho hapana, nami nimechoka kuwapatanisha.

Yule mwanamapinduzi Solovyov alipokufyatulia risasi mwaka 1879, ulikimbia ukipinda kushoto, ukipinda kulia, ukasalimika. Mbele ya bastola hiyo ni akili. Wewe ukaigeuza kuwa namna ya kutawala. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na nchi ya kuongoza.

Waziri wako Loris-Melikov amekuletea karatasi ya kuwaita wajumbe wa kuchaguliwa watoe ushauri. Ushauri tu, hata bunge si bunge! Itie saini leo, uitangaze leo, usiilalie.

Na Jumapili acha kwenda kutazama gwaride. Katya akikuzuia mlangoni, kwa hilo moja msikilize. Ukienda kwa ubishi wako na ukasikia kishindo, usishuke garini.