Klachi ya MGB na Wiki Mbili za Gereji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Leicester, Uingereza, na nina MGB ya mwaka 1972, gari dogo la michezo la Kiingereza, ambayo klachi yake imeanza kuteleza. Gereji imeniambia kwamba kazi itachukua wiki mbili kwa kuwa injini lazima itolewe, ilhali Toyota yangu ilibadilishwa klachi kwa siku moja bila injini kuguswa. Je, ninadanganywa?

JIBU: Kuhusu injini, hudanganywi. Umbo la bodi ya MGB haliruhusu giaboksi ishushwe peke yake, hivyo fundi hutoa bonneti, rejeta na kabureta, akaachanisha ekzosi, kisha akainyanyua injini kwa winchi hadi itokee juu. Triumph TR6, gari jingine la michezo la Kiingereza, ni kinyume chake: injini hubaki mahali pake, viti vikatolewa, na giaboksi ikapitishwa ndani ya gari, kazi ambayo mafundi wengi huinung'unikia.

Hata hivyo, fundi aliyeizoea MGB humaliza kazi hii kwa takribani siku mbili. Muda uliobaki ni foleni ya magari mengine, kusubiri spea, kupeleka flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi huligandamia) ikachongwe, na nati za ekzosi zilizoshikwa na kutu, ambazo zikilazimishwa, stadi (vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati hizo hukazwa juu yake) hukatika na mabaki yake hutobolewa kwa subira. Binafsi simlaumu fundi anayejiwekea akiba ya siku, mradi bili yake ifuate saa alizoshika spana. Mwombe basi makadirio ya saa, kwa maandishi.

Mwombe pia, injini ikiwa nje, abadilishe klachi pleti, presha pleti (inayoibana klachi pleti) na rilizi bering (inayoisukuma presha pleti unapokanyaga klachi), ambayo katika gari hili ni ya kaboni, pamoja na oil sili ya nyuma ya krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ikivuja, oili huweza kulowesha klachi na kuifanya iteleze, na kuibadilisha baadaye ni kuitoa injini upya.

Akikugusia kutu ya kingo za chini ya milango, hayo ni mazungumzo mengine kabisa. MGB haina chesisi ya pekee, yaani fremu iliyotengana na bodi, na kingo hizo ndizo zinazobeba uzito wa gari; kuzikata na kuzichomelea upya ni kazi ya wiki kadhaa kweli, nayo ipewe makadirio yake mbali na ya klachi.