Paka Mwenye Sukari: Usikimbizane na Namba

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Tanga. Paka wake wa miaka tisa amegundulika ana kisukari, na kaka yake anayeishi Muscat amemtumia kichupa cha Caninsulin, insulini ya wanyama, kwa mkono wa msafiri. Mabomba ya sindano amejinunulia kwenye duka la dawa la mtaani kwake. Swali lake lilikuwa fupi: "Dada, sukari yake ni 26. Nimchome yuniti ngapi ishuke leo hii hii?"

Ile 26 (namba zote za sukari humu ni za kipimo cha mmol/L) haikunitisha sana, namba za namna hiyo nimeziona sana humu ndani kwangu. Haraka yake ndiyo iliyonitisha, pamoja na hayo mabomba. Nilimpigia simu usiku ule ule nikamsihi asimchome kwanza, asubuhi ampigie daktari wake wakae chini waelewane. Mengine nayaandika hapa, maana najua wako wengi wenye swali kama lake na wanaona haya kuuliza.

Nianze na mabomba, kwa sababu hapo ndipo paka anapoweza kufa hata kama dozi imeandikwa sawasawa. Insulini za binadamu tunazouziwa huku kwa kawaida ni za U-100, yaani mililita moja ina yuniti 100. Caninsulin imetengenezwa kwa ajili ya wanyama na ni U-40, mililita moja ina yuniti 40 tu. Mistari ya bomba nayo huchorwa kufuata insulini yake. Ukivuta Caninsulin kwa bomba la U-100 mpaka mstari wa 1, paka anapata 0.4 ya yuniti, chini ya nusu ya ulichokusudia. Utasema dawa haifanyi kazi, na utaanza kuongeza. Kinyume chake ndio msiba wenyewe: ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40, mstari wa 1 unabeba yuniti mbili na nusu, na mwili wa kilo nne unaweza usihimili. Soma kichupa, soma bomba, namba zifanane. Zisipofanana usichome. Mahesabu ya kugeuza yapo, lakini simshauri mtu mgeni wa jambo hili ayafanye alfajiri na usingizi machoni. Tafuta bomba lenyewe. Kama insulini yako ni U-100, ulizia lile dogo la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti. Kwa paka nusu yuniti ni kitu kikubwa.

Sasa niseme haya nimeyatoa wapi.

Sultani, paka wangu, ni dume, amehasiwa, na wakati ule alikuwa na kilo saba. Kisukari cha paka huwaandama zaidi madume waliohasiwa, wanene, wenye umri mkubwa kidogo, na kinafanana na kile cha ukubwani cha binadamu: kongosho bado linatoa insulini kiasi, ila mwili hauisikii. Alianza kwa kunywa maji. Bakuli likaisha, akahamia kwenye ndoo ya bafuni. Mchanga wake wa haja ukawa unalowa mabonge mazito kila asubuhi. Anakula, anadai tena, na huku uti wa mgongo unachomoza. Mwisho miguu ya nyuma ikalegea, badala ya kusimama juu ya vidole akawa anakanyaga mpaka kisigino. Ile ni sukari imeshaanza kula neva.

Daktari wa kwanza niliyempelekea alinicheka. Akaniambia paka hapati sukari, akampa dawa ya minyoo, akaita anayefuata. Nilitoka pale na kikapu changu mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi. Niseme kweli, bado linaniuma. Najua madaktari wetu wengi wa mifugo siku nzima wako kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka wa kutibiwa kwa mwaka mzima ni wachache. Lakini kutojua si sababu ya kumdhihaki aliyekuja kuomba msaada.

Wa pili alikuwa dada kijana aliyesomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Hakucheka. Alipima damu ikasoma 24, kisha akapima mkojo nao ukawa na sukari, kwa sababu, aliniambia, paka akitishika sukari hupanda hata kama ni mzima, na kliniki kila paka anatishika. Ndiyo maana akataka pia kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha hali ya sukari ya wiki moja au mbili zilizopita. Kama daktari wako amepima damu mara moja tu na akataka kuanza sindano, muulize kwa adabu kuhusu mkojo na fruktosamini. Mwambie pia kama paka aliwahi kuchomwa dawa za steroidi kwa ajili ya muwasho, maana hizo nazo hupandisha sukari.

Akamwanzishia insulini ya glargine, ile iuzwayo kwa jina la Lantus. Yuniti moja asubuhi, yuniti moja jioni. Mimi baba yangu ana sukari, na nimezoea kumwona akichoma yuniti 30 kwa mkupuo. Nikamuuliza, yuniti moja itamfanya nini paka mwenye 24? Akanijibu: "Sukari ya juu itamuumiza kwa wiki na miezi. Sukari ya chini inaweza kumuua kabla ya adhuhuri."

Ndugu yangu uliyeanza leo, usiondoke na lingine kabla hujalishika hilo. Paka wengi huanzishiwa yuniti moja kila baada ya saa kumi na mbili, na hata akiwa mkubwa wa mwili dozi ya kuanzia kwa kawaida haivuki mbili. Halafu unasubiri. Glargine inahitaji siku kadhaa mpaka itulie mwilini, kwa hiyo dozi haiguswi kabla ya siku tano mpaka saba kupita, na ikiongezwa huongezwa nusu yuniti, kwa kauli ya daktari. Siku ya pili utapima uone 22, moyo utakwenda mbio, mkono utataka kuongeza. Usiongeze. Siku ya nne utaona 25. Usiongeze.

Na kuna mtego hapo. Insulini ikizidi na sukari ikaporomoka, mwili wakati mwingine hujitetea, ini linamwaga sukari iliyohifadhiwa. Ukija kupima jioni unakuta namba iko juu, unadhani dozi ni ndogo, kumbe mchana alikuwa ukingoni. Namba ya kabla ya sindano peke yake haikwambii dozi inafanya nini. Inayokwambia ni ya katikati, muda wa saa nne hadi nane baada ya kuchoma, sukari inapokuwa chini kabisa. Kwa hiyo chagua siku ambayo uko nyumbani, pima kabla ya sindano, kisha kila baada ya saa mbili mpaka sindano ijayo, uandike yote kwenye daftari. Paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. Kwa anayechomwa tunatafuta pale chini isome 5 mpaka 8, na pale juu isivuke sana 14, maana zaidi ya hapo figo zinaanza kuiachia sukari kwenye mkojo na ile kiu inarudi.

Damu inatoka sikioni, kwenye ukingo, pale penye mshipa mwembamba. Lipashe moto sikio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, weka pamba nyuma yake ili usijichome, donoa, tone dogo linatosha. Kisha mpe kipande cha firigisi. Sultani alifika mahali akisikia mlio wa mashine ya kupimia sukari anakuja mwenyewe. Mashine za binadamu mara nyingi husoma chini kidogo ya hali halisi ya paka, kwa hiyo shikilia mashine moja na umwambie daktari ni ipi. Mwanzoni, ukikuta chini ya 11 kabla ya sindano, usichome mpaka uongee naye. Asipokula au akitapika, vivyo hivyo. Na kama umechoma ukahisi dawa imemwagikia kwenye manyoya, usirudie. Ngoja zamu ijayo. Zamu moja kuikosa haitamdhuru kama kuchomwa mara mbili.

Dalili za sukari kushuka ni hizi: anayumba, ananyong'onyea ghafla, anatetemeka, au anatafuta chakula kwa fujo isiyo ya kawaida. Ikizidi anapata degedege na kupoteza fahamu. Kama anaweza kumeza, mpe chakula papo hapo. Kama hawezi, mpake asali kwenye ufizi, usimmiminie kooni, na mkimbize kwa daktari huku unaendelea kumpaka. Asali iwe mahali pamoja siku zote. Kwangu ilikaa juu ya friji na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Saa zetu zilikuwa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumi na mbili na nusu jioni. Kwa sisi wa pwani hii Magharibi haihamihami sana mwaka mzima, kwa hiyo adhana ilinikumbusha hata siku nilizochoka. Anakula kwanza, namwona amekula, ndipo namchoma ubavuni, leo kushoto kesho kulia. Hasikii kitu, sindano ni nyembamba kuliko unavyofikiri.

Chakula. Paka ni mla nyama, wanga hauhitaji, na sisi tunamjazia ubwabwa na ugali uliochanganywa na mchuzi wa dagaa. Vile vya mifuko vikavu navyo vingi vina wanga mwingi, vya kopo kwa kawaida vina mchache. Lakini sikiliza: ukimpunguzia wanga, haja yake ya insulini inashuka nayo, wakati mwingine ndani ya siku chache. Usibadilishe chakula kimyakimya huku unachoma dozi ile ile. Daktari ajue, na wewe pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

Na haya nayasema kwa kumshukuru Mungu: Sultani leo hachomwi. Sukari nyingi yenyewe hulichosha kongosho, na ukiishusha mapema kwa utulivu, kwa baadhi ya paka kongosho linaamka. Kwetu namba zilianza kushuka zenyewe, daktari akapunguza mpaka nusu yuniti, kisha akaisimamisha. Miguu imesimama, anaruka mpaka juu ya kabati. Si kila paka anafika huko, na anayefika anaweza kurudi, ndiyo maana bado nampima. Ila fikiria: ningekuwa nachoma bila kupima, siku kongosho lake lilipoamka dozi ya zamani ingemuua.

Shemeji yangu alisema mezani, watu wamekaa, kwamba binadamu wanakosa insulini na mimi naimwaga kwa paka. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo. Kichupa kile nilinunua kwa jasho langu, na hakuna mgonjwa aliyenyang'anywa. Aliye chini ya paa lako ni amana. Sote tulifundishwa madrasa habari za yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Tunaisimulia kwa watoto halafu tunawaacha paka wetu wakauke kwa kiu mbele ya macho yetu na kusema "amezeeka". Tusifanye hivyo. Kama uwezo haupo kabisa, sema na daktari waziwazi, hilo si aibu. Kumdhihaki anayejitahidi ndiko aibu.

Wapo walionijia kuhusu Caninsulin kutokana na nguruwe. Ni kweli inatokana na nguruwe. Hukumu yake waulizeni masheikh. Glargine hutengenezwa kwa bakteria maabara, na ni mojawapo ya zinazotumika sana kwa paka.

Umeme ukikatika, usitie kichupa kwenye friza wala kukiegemeza kwenye barafu, insulini ikiganda imekwisha. Mimi nilikiweka kwenye chombo kilichofungwa vizuri ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa, kivulini penye upepo, mpaka umeme urudi. Ikiwa imebadilika rangi, au glargine ambayo huwa angavu imeingia ukungu, tupa.

Dada wa Tanga, umeniuliza pia kuhusu harusi ya Pemba, kama umwache paka au usiende. Nenda. Lakini kwanza mfundishe mtu mmoja, yule kijana wa jirani uliyemtaja anafaa. Achome mbele yako zamu kadhaa, kwa bomba lenye mstari uliouchora kwa kalamu ya wino, na umwachie karatasi ya namba ya daktari, mahali asali ilipo, na neno moja kwa herufi kubwa: asipokula, usimchome, piga simu. Na usiondoke kwenye wiki ambayo dozi imetoka kubadilishwa.