Mbuzi Aliyeenda Virusi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameandika kwenye insha: “Meme hiyo ilienda virusi nchi nzima.” Nimekaa na kalamu nyekundu mkononi. Hili neno “meme”, yaani picha au video ya utani ambayo watu husambaziana mtandaoni, nimsahihishe? Kiswahili chake ni nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Meme iache kwanza, nitairudia. Kalamu yako ishushe kwenye hayo maneno mawili yanayofuata, tena ishushe kwa nguvu. Hukuniuliza habari zake, najua, lakini mimi nimeyavizia tangu mwaka juzi.

Mwaka juzi nilikuwa sebuleni na simu yangu, mke wangu akichambua mchicha. Nikamsomea kichwa cha habari: “Video ya mbuzi yaenda virusi.” Akaacha mchicha. “Masikini! Ni sotoka?” Nikamwambia mbuzi mwenyewe mzima wa afya, kapanda bodaboda tu, watu wameipenda video yake. “Sasa hivyo virusi ni vya nini?” Nikakosa la kusema, nami ndiye ninayeitwa mtaalamu wa lugha humu ndani.

Swali la mama huyu ni la sarufi tupu. Kwa Kiswahili mtu huenda mahali: sokoni, shambani, jela. Au kitu huenda kwa namna fulani: chombo huenda mrama, mipango huenda kombo, mambo yakachanganyika yakaenda segemnege. Virusi si mahali wala si namna. Ukiniambia video imeenda Virusi nitakuuliza ni wilaya gani huko, na nauli ni shilingi ngapi. Waingereza wana kivumishi chao, “viral”, wanasema kitu kimekwenda kwa tabia ya virusi, na katika lugha yao kinakaa vizuri. Sisi tumekiokota kivumishi, tumekigeuza jina la ugonjwa, tumekibandika nyuma ya kitenzi, halafu tunashangaa watu wakimhurumia mbuzi. Zamani kosa la namna hii lilihitaji mfasiri mvivu. Siku hizi mashine inalifanya bure, usiku na mchana, na mfasiri mvivu amebaki kulinakili.

Na laiti tungekuwa fukara wa maneno! Tuna kuenea, tuna kuzagaa, tuna kutapakaa. Tuna kuvuma, neno la ngoma na upepo na bahari, na humohumo ndimo ulimotoka uvumi. Yaani neno lenyewe limekwisha kukuonya kwamba kinachopita kwenye simu za watu huenda nusu yake ni uongo. Mimi binafsi nina kipenzi changu kingine: kwenda arijojo. Tiara ikikatika uzi, upepo ukaichukua, mtoto akabaki ameshika kijiti na kukodoa macho, watu wa Pwani husema imekwenda arijojo. Si ndiyo video ya mbuzi hiyo? Mwenyewe alimtumia shemeji yake peke yake. Kufika jioni iko kwa watu asiowajua, imetiwa muziki, imeandikwa maneno ambayo yeye hakuyasema, na hana uzi wa kuirudishia. Neno hili nimelipigia debe miaka mingi. Mfuasi niliyempata ni mmoja, mke wangu, naye hulitumia akizungumzia pensheni yangu.

Usije ukadhani nachukia maneno ya kigeni. Virusi lenyewe ni geni: kwa Kilatini maana yake ilikuwa sumu. Lilipoingia kwetu, masikio yakasikia ile vi- ya vitu vingi, yakachonga na umoja wake, kirusi, bila kujali kwamba Kirusi kilikwisha kuwa lugha ya watu wa Moscow. Kibao cha barabarani kilichowaagiza madereva kwa Kiingereza washike kushoto kimetuzalia kipilefti na vipilefti. Maneno haya yametafunwa yakalainika. “Imeenda virusi” imemezwa nzima na mfupa wake.

Ukitaka kuona neno lililotafunwa vizuri, nenda Nairobi. Mwaka 1983, kwenye sinema, Clint Eastwood alimnyooshea mhalifu bastola akamwambia athubutu, “make my day”. Watoto wa mitaani hawakuwa na haja na tafsiri. Walichosikia ni Makmende, na Makmende likawa jina la yeyote anayejitia ubabe. “Unajifanya Makmende?” Ukiulizwa hivyo, jua kipigo kiko njiani. Mwaka 2010 kundi la Just a Band likatoa video ya wimbo wao Ha-He, na shujaa wake ni huyohuyo, kitambaa kichwani, akiwatandika wahuni. Wakenya wakaidaka: vichekesho vya sifa zake vikamiminika Twitter, picha zake zikapachikwa kwenye majalada bandia ya magazeti. Wengi huihesabu kuwa meme ya kwanza ya Kenya kuvuma. Na tazama walichokuwa wakitangaziana: “Makmende amerudi!” Mtu karudi, kwa a- ya mtu, kama sarufi itakavyo. Kinachonikera kidogo ni ile k iliyogongana na m katikati ya jina. Bibi yangu angesema Makimende. Basi, Sheng ina wenyewe.

Haya, meme. Mwanabiolojia Richard Dawkins aliliunda mwaka 1976 kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kinachoigwa, akalikata ili lilie kama jeni kwa Kiingereza. Yeye alifikiria nyimbo, misemo, mitindo ya mavazi, hata namna ya kufinyanga vyungu. “Kichekesho cha mtandaoni” hakitoshi, maana meme nyingine huchoma kuliko kuchekesha. Mwachie meme yake, aitamke kama ilivyoandikwa, meme hii, meme hizi. Akiandika “mameme” mwite ofisini. Wanaolitamka Kiingereza wananichanganya: juzi mjukuu wangu kaniambia “nitumie mimi”, nikamuuliza kwani nilikuwa nimtumie nani.

Insha nayo mpe alama zake, ila kata moja hapo kwenye virusi, umwandikie pembeni “ilivuma”. Mke wangu, kwa taarifa yako, kila akinikuta nimeinamia simu huniuliza kama yule mbuzi amepona.