Cheni kushika kutu Malindi

Kaka, cheni ya baiskeli yenye wiki tatu kushika kutu si lazima iwe feki. Umesema kila jioni unapita ufukweni Silversands maji yakipwa, basi shida iko hapo. Chumvi inaila, na mchanga ukinasa kwenye mafuta unageuka msasa. Ukirudi nyumbani imwagie maji ya bomba (visima vingi vya huku vina chumvi, utakuwa hujafanya kitu), ipanguse ikauke kabisa, kisha tone moja la mafuta kwa kila pingili. Yanayobaki nje yafute. Grisi usiguse.

Kabla ya kununua nyingine, pima kwa rula: kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ikifika 1/8, ujue spoketi za nyuma (vile visahani vyenye meno) nazo zimeshalika, cheni mpya itaruka tu.

Cheni ya giya 8 haiingiliani na ya giya 10, kwa hiyo hesabu spoketi za nyuma kwanza. Mimi ningechukua iliyopakwa nikeli, inachelewa kutu. Dukani linganisha idadi ya pingili, si urefu, maana hiyo kuukuu imeshatanuka.